Ugumu na Nguvu si Kitu Kimoja

Mara nyingi watu humsifu mtu wakisema, "Yule ana nguvu, hapindiki." Nasi twaitikia, kwa kuwa hakuna ampendaye mtu ayumbaye kila upepo uvumapo. Lakini je, ni kweli kwamba asiyepindika kamwe ndiye mwenye nguvu? Kabla ya kujibu, na tutazame kitu ambacho kila mmoja wetu anacho mwilini, nacho ni mfupa.

Twaudhani mfupa kuwa mgumu tu, kama jiwe. Sivyo. Umefanyizwa kwa vitu viwili vilivyoungana. Cha kwanza ni madini ya chokaa na fosforasi, nayo ni kadiri ya sehemu mbili katika tatu za uzito wa mfupa mkavu. Cha pili ni nyuzi ziitwazo kolajeni, jamii moja na zile za kano na ngozi. Madini huupa mfupa ugumu. Nyuzi huuwezesha kupindika kidogo pasipo kuvunjika.

Atakaye kuhakikisha neno hili aweza kulijaribu nyumbani. Atwae mifupa miwili ya miguu ya kuku. Mmoja autie katika siki kali siku kadha wa kadha. Siki huyeyusha madini, nyuzi zikabaki, na mfupa ule utapindika mkononi kama mpira. Wa pili auchome katika moto mkali mpaka uwe mweupe. Hapo nyuzi zitateketea, madini yabaki. Kwa macho umbo lake ni lile lile, bali ukiubana kwa vidole wavunjika vipande vipande. Wa kwanza hauwezi kusimama. Wa pili hauwezi kuchukua mzigo.

Tena liko jambo la nyufa. Chungu kikipata ufa, ufa huo hukimbia mpaka mwisho. Katika mfupa, ufa mdogo hukutana na nyuzi, nazo huushika huku na huku na kuupotosha njia yake, hata mara nyingi husimama. Kisha chembe hai zilizomo huondoa sehemu iliyochakaa na kujenga mpya, wala kazi hiyo haikomi maisha yote. Hata mzigo wenyewe una faida: mwaka 1892 Julius Wolff, mganga wa mifupa wa Berlin, alieleza kwamba mfupa hujijenga kwa kadiri ya mzigo uuchukuao.

Basi tulirudie swali letu. Mzazi asiyemkataza mtoto wake neno lo lote ni kama ule mfupa wa siki: ni mpole, lakini mtoto hana cha kuegemea. Na mzee ashikaye sheria pasipo huruma ni kama ule wa motoni. Sisi tuandikao twakiri kosa letu. Siku moja tuliketi barazani kumhukumu kijana aliyekosa. Yote tuliyomwambia yalikuwa kweli. Walakini hatukumwuliza hata neno moja, wala hatukumpa nafasi ya kujieleza. Aliondoka, asirudi tena. Jioni ile tulijisifu kwamba tumesimama imara. Leo twajua kwamba umbo la haki lilikuwapo, bali kile kiunganishacho kilikuwa kimekwisha kuteketea.

Huenda mtu akasema, "Ukipindika leo kwa huruma, kesho utapindika kwa uongo." Neno hili lina uzito, nasi hatulipuuzi. Lakini tutazame tena: mfupa wenye afya hupindika kidogo sana, na mzigo ukiondoka hurudi mahali pake. Kupindika hivi si kuhama. Tungaliweza kumsikiliza kijana yule mpaka mwisho, kisha tukamwambia kweli ile ile, hata adhabu ile ile, naye angalijua kwamba bado ni mtu wetu.

Kwa hiyo, tukiitwa tena kuamua jambo la mwenzetu, tusijiulize tu kama tumekuwa wagumu vya kutosha. Tujiulize pia: je, ufa huu tulioletewa, mikononi mwetu utasimama, au utakimbia mpaka mwisho?