Ahadi ya Mwanafunzi ni Deni la Nyumba Nzima

Kila mwaka, Septemba inapokaribia, vijana wetu kadha wa kadha hupanda ndege kwenda kusoma katika vyuo vikuu vya Uingereza. Siku ya kuagana jamaa hukusanyika, wazee hutoa nasaha, mama hufunga mzigo huku akifuta machozi. Lakini katika nasaha hizo zote ni mara chache kumsikia mtu akiuliza: "Mwanangu, umeahidi nini huko uendako?" Leo twapenda kuliuliza swali hilo, tena twapenda kuwauliza wazazi kabla ya watoto.

Zamani waliokwenda ng'ambo walikuwa wachache, na wengine wao walilipiwa na serikali. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Edinburgh kutoka mwaka 1949 hadi 1952 kwa msaada wa namna hiyo. Siku hizi wako wengi wanaolipiwa na baba, mama na wajomba zao. Kwa hiyo ahadi anayoitoa kijana si yake peke yake. Imetoka katika nyumba yake.

Tuzitazame ahadi zenyewe. Kwanza, anayeomba viza ya masomo hana budi kuonyesha kwamba anayo fedha ya ada ya mwaka wa kwanza, pamoja na masurufu ya miezi isiyozidi tisa, na fedha hiyo iwe imekaa benki siku 28 mfululizo. Ikiwa ni fedha ya wazazi, wazazi huandika barua ya kukubali itumiwe. Pili, mwanafunzi wa shahada haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa muhula. Akiwa na kazi mbili au tatu, saa zote hujumlishwa. Tatu, sharti ahudhurie masomo yake. Akiyaacha, chuo chapaswa kuiarifu serikali katika muda wa siku 10 za kazi.

Basi, wako watu wanaoazima fedha kwa rafiki au kwa mkopeshaji, wakaiweka benki siku hizo 28, wakapata karatasi yenye muhuri, kisha wakairudisha kwa mwenyewe. Nao husema: "Hiyo ni karatasi tu. Hakuna aliyeibiwa."

Je, ni kweli? Hebu tumfuate kijana huyo. Afika ugenini, baridi yaanza, mwenye nyumba adai kodi yake, na fedha iliyoandikwa kwa jina la baba haipo. Saa 20 hazimtoshi. Atafuta kazi ya usiku, ya siri. Mwajiri anayeijua siri yake humlipa apendavyo, kwani mvunja sheria huogopa kushtaki. Usiku yuko kazini, mchana asinzia darasani. Siku ya kutoa insha yafika, naye hana hata ukurasa mmoja. Basi anunua insha iliyoandikwa na mtu mwingine. Mwisho wake chuo chamwondoa, viza yafutwa, naye arudi nyumbani bila shahada, na deni lipo pale pale.

Aliyeibiwa, basi, ni mtoto yule yule. Na kitu cha kwanza alichonyang'anywa ni nafasi ya kusema kweli. Vyuo vikuu vya huko vina washauri wa wanafunzi wageni, na vingi vina mfuko wa kuwasaidia waliopatwa na shida wasiyoitazamia. Lakini kijana wetu atakwendaje kwa mshauri kusema, "Sina kitu," hali karatasi ya baba yake yasema anacho? Uongo wa nyumbani umemfunga kinywa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu hakuichagua njia hiyo. Aliwekwa juu yake na watu wanaompenda.

Wengine watasema kwamba sheria hizo ni kali, na kwamba mgeni hutozwa ada kubwa kuliko mwenyeji. Hayo ni kweli, wala hatuwakatazi watu kuyalalamikia hadharani. Lakini kulalamika ni jambo moja, na kutia saini kwa nia ya kuivunja ni jambo jingine. Aliyetia saini amepewa kiti kwa sababu neno lake limesadikiwa. Akilivunja, mwenzake wa kesho, mwenye fedha halali na nia safi, atatazamwa kwa shaka.

Liko swali gumu zaidi. Mama yuko hospitali, naye mtoto aliyeko Uingereza ndiye tegemeo. Je, akae na saa zake 20 amwache mama ateseke? Hasha! Wajibu wa mtoto kwa mzazi haufutwi na sheria yoyote. Lakini wajibu huo ni wa jamaa wote, wala hauwi mzigo wa mmoja kwa sababu tu yuko Ulaya. Walioko nyumbani wachange kwanza. Naye kijana amweleze mshauri wake habari zote, aulize kama aweza kusimamisha masomo kwa muda, na katika likizo zilizo rasmi afanye kazi kwa saa nyingi kadiri aruhusiwavyo. Njia hizo ni za taratibu, tena zina uchungu. Lakini aliyezipita aweza kusimama mbele ya mtu yeyote bila kuinamisha uso.

Kwa hiyo, enyi wazazi, kabla ya kutia saini hesabuni mlicho nacho kweli. Kisipotosha, afadhali mtoto angoje mwaka mmoja, au asome katika chuo cha hapa kwetu, kuliko kumpeleka mbali akiwa amebeba uongo wenu. Na akiisha kwenda, kabla ya kumwandikia kuomba fedha, mwulizeni kwanza: "Saa zako zimekwisha juma hili?" Kijana atakayeulizwa hivyo na baba yake atajua kwamba nyumbani kwao ahadi ni deni, na kwamba hayuko peke yake katika kulilipa.