Kibarua Katika Shamba Lake

Ijumaa moja alasiri, katika shule ya msingi ya mtaani kwetu, mama mmoja muuza mitumba alisimama mbele ya wanafunzi wa gredi ya sita. Mkononi alishika nakala ya Katiba ya Kenya, ameifunika kwa gazeti isichakae. Hakuna anayemlipa, amejitolea. Aliandika ubaoni neno moja, HAKI, akauliza: "Hizi ni za nani?"

"Za serikali!" darasa zima likaitikia.

Hakuwakemea. Alifungua Kifungu cha 19, akawaeleza kwamba haki ni za kila mtu na hazitolewi na Serikali. Mvulana wa dawati la nyuma akainua mkono: "Mwalimu, kama ni zetu tayari, mbona tunafundishwa?"

Swali hilo nimelala nalo siku nyingi. Katiba hii ilizinduliwa Agosti 27, 2010, kabla watoto hao hawajazaliwa. Haki zao ziliwatangulia duniani, na kutozijua hakuzipunguzi hata chembe. Sasa somo linaongeza nini?

Mfikirie yatima ambaye hatimiliki ya shamba la marehemu babake imefungiwa sandukuni na ami yake. Shamba ni lake. Lakini kila asubuhi hulilima kama kibarua, na jioni akipewa sahani ya ugali husema ahsante, tena kwa moyo mweupe. Mali bado ni yake. Alichonyang'anywa ni kusimama juu yake kama mwenyewe. Ndivyo haki isiyojulikana inavyogeuka kuwa fadhila. Na fadhila haidaiwi: aliyekupa leo akikunja mkono kesho, huna la kumwambia.

Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Chukua watoto wawili waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa, mmoja anajua hayo, mwenzake hajui. Wote watalia njiani. Asiyejua atalia kwa aibu, akidhani kosa ni umaskini wa mamake. Anayejua atalia kwa sababu amedhulumiwa. Kwangu mimi, somo zima liko katika tofauti ya machozi hayo.

Wapo wazazi wanaohofu kwamba watoto wataota pembe. "Wafunzwe wajibu kwanza," wanasema. Hofu yao naielewa, ila sikubaliani nao. Haki ya mmoja ni wajibu wa mwingine. Kifungu cha 29 kinachomkinga mtoto na kiboko cha mwalimu ndicho kinachomkinga jirani yake wa dawati na ngumi za mtoto huyo huyo. Akifundishwa la kwanza sawasawa, la pili amekwisha kulisikia.

Mzazi mwenzangu, mwanao akirudi jioni na swali kama la yule mvulana, usimnyamazishe. Katiba ipo kwa Kiswahili. Kaeni muisome pamoja, muanzie Kifungu cha 19.