WAZO LA LEO: Kwao ni wapi?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwaka 1972, maelfu ya Warundi walikimbia mauaji nchini mwao wakaingia Tanzania. Katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa ardhi, wakafyeka msitu, wakalima. Mwaka 2014, zaidi ya 160,000 kati yao na vizazi vyao wakapewa uraia wa Tanzania.

Mfikirie bibi mmoja wa huko asubuhi. Anaitikia shikamoo ya wajukuu kwa Kiswahili, kisha, akichochea maharage jikoni, anambembeleza kitukuu mgongoni kwa Kirundi. Ukimuuliza kwao ni wapi, anakuonyesha kaburi la mumewe, chini ya mwembe alioupanda kwa mkono wake.

Hati ya uraia ilithibitisha tu kile ambacho jembe lilikwisha kukiandika ardhini. Ni kweli mwacha asili ni mtumwa, lakini kupenda ulipofikia si kuacha asili. Leo, ukikutana na mtu aliyehama, usimlazimishe kuchagua. Mtu anaweza kuwa na kwao kuwili, na kote kukawa kwao kweli.