Umeoa Mtu au Umeoa Makaratasi?

Mama aliniuliza swali hilo kwa simu kutoka Korogwe, siku ya tatu baada ya ndoa yangu. "Umeoa mtu, baba, au umeoa makaratasi?" Hakuuliza kwa ubaya. Mtaani kwetu kuna kijana aliyefunga ndoa Ulaya na mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata kwenye picha, kisha akarudi nyumbani kuoa tena, safari hii kwa ngoma na pilau. Nikamjibu, "Nimeoa mtu, mama." Akasema alhamdulillahi, tukahamia kwenye bei ya mahindi.

Jibu lilikuwa la kweli. Hata hivyo nilipokata simu nilijiona kama mtu aliyejibu swali jepesi ili asiulizwe lile zito.

Nilifika Ohio mwaka 2014 kwa viza ya mwanafunzi. Mwaka 2016 biashara ya mbao ya baba ilianguka, ada ikakatika, chuo kikaniondoa kwenye orodha yake, na kwa hilo tu nikawa mtu asiye na makaratasi. Hakuna aliyekuja kubisha hodi. Siku ile nilikwenda dukani kununua maziwa kama kawaida. Baadaye nikapata kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, nikilipwa mkononi. Watanzania wa huku husema kubeba maboksi. Yangu yalikuwa magunia ya unga.

Mwenzangu tulijuana mwanzoni mwa 2017 kwenye basi la alfajiri, mimi nikitoka kazini, yeye akienda. Aliponiuliza habari za chuo nilimwambia nimesimamisha masomo kwa muda. Haukuwa uongo mtupu. Yalikuwa maneno yenye ukweli kidogo, wa kutosha kumpatia msemaji usingizi. Nililala nayo miezi minane.

Oktoba mwaka huo baba akafariki. Maziko nisingeyawahi kwa namna yoyote, maana kwetu maiti hailazwi. Lakini arobaini ningeiwahi. Mwenzangu alifungua kompyuta akaanza kutafuta bei za tiketi, akanionyesha ya kupitia Doha, akasema atachangia nusu. Hapo ndipo nilipomwambia: nikitoka, sirudi. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Miezi minane. Kila asubuhi kwenye basi." Tiketi akazifunga.

Wiki tatu baadaye aliniambia tuoane. Kwetu mwanamume ndiye anayeposa. Mimi niliposwa jikoni nikiwa na unga kwenye nywele. Mpaka leo sijui ilikuwa mapenzi kiasi gani na huruma kiasi gani, na nadhani hata yeye hajui.

Sheria ya Marekani ilinikubalia kwa urahisi ulionishangaza. Kwa kuwa niliingia nchini kwa kukaguliwa na ofisa, na kwa kuwa nimeoa raia, kuipoteza hadhi yangu hakukunizuia kuomba ukaazi wa kudumu nikiwa humuhumu. Rafiki yangu mmoja wa Lubumbashi hakuwa na bahati hiyo. Yeye alivuka mpaka kwa miguu bila kuonana na ofisa yeyote. Mkewe ni raia, wana watoto wawili, na ukikaa nao nusu saa huhitaji ushahidi mwingine. Lakini kwa kawaida mtu wa aina yake hutakiwa atoke nje kwanza akaombe viza, na akishatoka, ile miaka aliyokaa bila ruhusa humgeukia marufuku ya kurudi kwa miaka 10, isipokuwa asamehewe. Kwa hiyo sijawahi kuiona kadi yangu kama cheti cha mapenzi safi. Ni cheti kwamba nilipitia uwanja wa ndege.

Kabla ya usaili tulitengeneza faili: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akaunti ya benki ya pamoja, bili za umeme, picha. Tulianza kupiga picha kila tulipokaa kula, jambo ambalo hatukuwa nalo. Tukigombana, nilijikuta nikiwaza kwamba ugomvi huu haumo kwenye faili, na pengine ndio ushahidi bora kuliko yote. Mtu anayejifanya ameoa hagombani kuhusu kijiko kilichoachwa ndani ya sufuria.

Nilisoma sana wakati ule, kwa hofu zaidi kuliko kwa hamu. Madrasa tulifundishwa kwamba amali huhesabiwa kwa nia, na nilishangaa kuona mahakama nazo zinaitafuta nia hiyohiyo. Mwaka 1975, katika shauri la Bark, mahakama ya rufaa ya magharibi mwa Marekani ilisema cha kuangalia ni kama wawili hao, wakati wa kufunga ndoa, walikusudia kujenga maisha pamoja. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo huitaja ndoa kuwa muungano wa hiari unaokusudiwa kudumu kwa maisha yao wote wawili. Pote pawili sikuona kwamba mtu asiwe na sababu nyingine. Ingekuwa hivyo, nani angeoa? Bibi yangu alikuwa akisema mbele ya babu kwamba alimkubali kwa sababu shamba lake lilikuwa karibu na mto. Babu alicheka kila mara.

Kant anaonya tusimtendee mwanadamu kama chombo tu. Wengi hulisahau lile "tu". Babu alikuwa njia ya bibi kufika kwenye maji, na alikuwa mume pia, na alijua yote mawili. Mimi nilikuwa na mto wangu, ila nilimficha mwenye shamba.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza, wala mimi sikuuliza, ni kile anachotia sahihi raia. Mwenzangu alisaini hati ya kunidhamini kwamba sitashuka chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Ahadi hiyo haivunjwi na talaka. Humshika mpaka niwe raia, au nihesabiwe takriban miaka 10 ya kazi, au niondoke nchini moja kwa moja, au mmoja wetu afe. Watu waliposikia tumeoana walinipongeza mimi, na wengine wakanipima mimi. Hakuna aliyemuuliza yeye ameweka nini mezani. Nilimwona akisoma kurasa zile kwa kalamu mkononi, mstari kwa mstari, usiku wa Jumapili, na nikatamani angalau alalamike.

Usaili ulidumu kama dakika 25. Ofisa, mzee mpole, alimuuliza nani huamka kwanza, na mimi akaniuliza jina la mama mkwe na tulikula nini jana. Alituonya kwamba ndoa ya udanganyifu ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka 5. Tulijibu vizuri. Kwa kuwa ndoa yetu ilikuwa haijafikisha miaka miwili, ningepewa kwanza kadi ya masharti, na ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha tungerudi kuonyesha kwamba bado tupo pamoja. Akagonga mhuri, akatupa mikono.

Hakuuliza kuhusu ile miezi minane. Hakukuwa na sababu. Nia yangu siku ya ndoa ilikuwa safi, na hilo ndilo alilolipwa kulitafuta.

Kwenye maegesho mwenzangu alikaa kwenye usukani bila kuwasha gari. Nilidhani analia kwa furaha, nikamshika bega.

"Kama baba yako asingekufa," alisema, "ungeniambia lini?"

Nilikuwa nimetoka kujibu maswali 20 bila kusita hata moja. Nilimwambia sijui. Akaangalia mbele kidogo, kisha akawasha gari.