Kabla ya Hatua ya Kwanza

Mtu wa Kibati ana mengi ya kuogopa. Mimi, kwa miezi kumi na minne, niliogopa sakafu.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshaamka, baridi ya mlima imejaa chumbani, na sitaki kushusha mguu. Nilijua kinachonisubiri. Kisigino cha kulia kikigusa tu saruji, ni kama nimekanyaga msumari. Nashika ukuta, natembea kwa vidole hadi mlangoni, na baada ya hatua thelathini hivi maumivu yanalegea. Mchana nasahau kidogo. Jioni nikikaa kusahihisha madaftari, kisha nikisimama, msumari uko palepale.

Ninafundisha shule ya msingi. Tangu saa moja na nusu asubuhi nilikuwa wima mbele ya watoto, na kwenda na kurudi nilitembea juu ya makoro, mawe makali ya volkeno. Asiyejua Kibati ajue hivi: ni kilomita kama kumi kaskazini mwa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya Rutshuru, miguuni pa volkeno ya Nyiragongo. Hapa ndipo wageni walipoanzia kupanda wakati mbuga ya Virunga ilipokuwa inapokea watalii, kutoka mita zipatazo 2,000 hadi ukingoni, mita 3,470, na vijana wetu wakiwabebea mizigo kwenye kokoto zinazoteleza. Ardhi yetu ni jiwe la moto lililopoa. Mlima ulimwaga moto mwaka 1977, ukamwaga 2002, ukamwaga tena tarehe 22 Mei 2021 na kuikata barabara yetu. Mito hakuna, kwa sababu mvua ikinyesha inazama kwenye matundu ya jiwe. Kwa hiyo hata maji ni kazi ya miguu, bidoni ya lita 20 mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Na miguu yenyewe imevaa kamambili, ndala nyembamba ambayo ukikanyaga koro unalihisi jiwe lote.

Nilikaa miezi sita bila kumwambia mtu. Niliona aibu. Mwaka 2008 kambi ya hapa Kibati ilijaa makumi ya maelfu ya watu waliokimbia vita kwa miguu kutoka pande za Rutshuru. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya moto, wakazi wa mitaa kumi ya Goma waliambiwa waondoke, na wengi walikwenda kwa miguu hadi Sake, kilomita zipatazo 25. Mwishoni mwa 2022 vita vilirudi, ikawa zamu ya watu wa Rutshuru na Kibumba kujaa Kanyaruchinya, hapo chini yetu. Miguu hiyo ilibeba watoto, magodoro na masufuria. Nani asimame mbele yake aseme kwamba kisigino kinamuuma?

Leo naona fikra ile ilikuwa kosa. Maumivu madogo yanayofichwa kwa sababu kuna makubwa hayapungui kwa kufichwa. Yanakula siku za mtu, moja baada ya nyingine. Kwetu mwenye mguu mbovu hapati mkate, kwa sababu soko liko mjini na mzigo hauendi wenyewe.

Aliyenifungua kinywa ni mama jirani yangu anayeshusha makala, yaani mkaa, mjini. Nilimkuta asubuhi moja ameketi juu ya jiwe kando ya barabara, gunia limeegemezwa ukutani, anasugua kisigino kwa kidole gumba. Kamambili yake alikuwa ameiweka kando. Niliitazama: mahali pa kisigino raba ilikuwa imeisha, imebaki ngozi nyembamba, na ukiiinua juu unaona mwanga wa jua ukipita.

"Mama, unaumwa?"

"Mwalimu, hii yangu ina miaka miwili. Hatua ya kwanza asubuhi, Mungu wangu! Nilidhani ni uzee umekuja."

Hakuwa na miaka hamsini. Nikakaa kando yake juu ya jiwe lilelile, nikamweleza habari yangu yote. Tukacheka kwa kuona kwamba kila mmoja wetu alikuwa anashika ukuta wake alfajiri, nyumba kwa nyumba, bila mwenzake kujua.

Nilikuwa nimeshajaribu maji ya moto na chumvi, mafuta ya kuchua, vidonge vya kutuliza. Baada ya siku ile nilikwenda zahanati moja, nikachomwa sindano kisiginoni. Nilipata raha ya wiki sita hivi, kisha yakarudi. Nikapigwa picha, nikaonyeshwa kimfupa kilichoota kama mwiba, nikaambiwa huyo ndiye adui na huenda itabidi akatwe. Nililala siku nyingi nikiuwaza ule mwiba na bei ya kuukata.

Hatimaye rafiki alinipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye huku tunamwita kine. Hakuanza na picha. Alibonyeza chini ya kisigino, upande wa ndani, nikaruka. Akasema maneno ambayo ningependa kila mtu wa hapa ayasikie. Chini ya unyayo kuna utando mgumu, kama mkanda, unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole, na ndio unaoshikilia tao la mguu. Ukisimama siku nzima kwenye sakafu ngumu, ukibeba mizigo, ukavaa kiatu kisicho na kitu kisiginoni, mkanda unachoka pale uliposhikamana na mfupa. Usiku mguu unalala umenyooka, mkanda unakaza. Asubuhi unauvuta ghafla kwa uzito wako wote. Hapo ndipo msumari unapoingia. Na ule mwiba kwenye picha? Watu wengi wanao na hawaumwi hata kidogo. Kuhusu sindano alisema inatuliza kwa muda mfupi, na ikirudiwarudiwa inaweza kuudhoofisha mkanda hata ukakatika.

Kisha akanipa kazi. Kabla ya kushuka kitandani, keti. Weka mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole, uvute kuelekea kwenye muundi, hadi kidole gumba cha mkono wa pili kisikie mkanda umekaza chini ya unyayo kama uzi wa gitaa. Hesabu hadi kumi, uachie. Rudia mara kumi. Ndipo ukanyage, na ukanyage ndani ya kiatu, si sakafu tupu.

Nilitoka pale nimekata tamaa kidogo. Nilitaka dawa, nikapewa kuhesabu. Lakini nilihesabu. Chumba kizima kiko gizani, mtoto amelala, na mimi nimeshika vidole vyangu kama mtu anayesali kwa mguu. Mchana, ukutani mwa darasa, nilinyoosha shavu la mguu, kwa sababu likikaza linauvuta mkanda nalo. Jioni nilinunua chupa ya maji iliyogandishwa kwenye duka lenye friji, nikaiviringisha chini ya unyayo, nikiwa nimeketi, hadi baridi ipoze maumivu.

Baada ya wiki kadhaa kine aliongeza zoezi la nguvu. Unasimama kwenye ukingo wa ngazi au jiwe lililotulia, umekunja kipande cha kitenge chini ya vidole ili viinuke, unainua kisigino kwa hesabu ya tatu, unatulia kwa mbili, unakishusha kwa tatu, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Zoezi hilo lilipimwa na watafiti wa Denmark, na matokeo yao yalitoka 2014. Baada ya miezi mitatu waliolifanya walikuwa na nafuu kubwa kuliko walionyoosha tu. Mwaka ulipotimia, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Habari hiyo ilinipa moyo kuliko dawa yoyote. Maana yake wengi wanapona, ila mguu una saa yake na hausikii haraka ya mtu.

Viatu nilivipata mjini, kwenye soko la Virunga, raba za mtumba zenye kisigino kinene. Niliziacha kamambili, na kwa mtu wa huku hilo si jambo dogo, maana kamambili ndiyo inayotupeleka chooni, jikoni na kwenye maji.

Kilichonishinda zaidi ni kuketi. Nilizoea kuamini kwamba mwalimu anayeketi ni mvivu, na mama anayeketi njiani amechelewesha chakula cha watoto. Tunawasifu vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma kwa mguu, wanaoshuka kutoka Kibumba na viazi na kabichi, goti moja juu ya mbao, mguu wa pili ukisukuma barabara kilomita baada ya kilomita. Mjini wamejengewa hata sanamu. Wanastahili. Lakini sijawahi kusikia mtu akimuuliza mmoja wao kama mguu ule unaosukuma unalala vizuri usiku. Tunaheshimu kazi ya mguu na kuusahau mguu wenyewe. Nilimwomba mkuu wa shule kiti, akanipa bila swali. Watoto waliendelea kusoma.

Sikupona kwa siku moja ninayoweza kuitaja. Mwezi wa nne wa mazoezi hatua zile thelathini zikawa kumi. Mwezi wa saba niligundua niko jikoni nachochea moto na sikumbuki nilivyofika. Nilisimama pale na mwiko mkononi, nikalia.

Niongeze hili kwa uzito. Si kila kisigino kinachouma ni mkanda uliochoka. Ukiwa na homa, mguu ukivimba, ukifa ganzi, maumivu yakikuamsha usiku umelala, au ukiwa na ugonjwa wa sukari, usingoje mazoezi yangu. Nenda hospitali.

Mama wa makala nilimfundisha juu ya lile jiwe. Alivua kamambili, akaweka mguu juu ya goti, akavuta vidole, na wapita njia wakatutazama. Sasa anavaa raba za mwanawe, zimemzidi kidogo, amejaza kitambaa mbele. Bado anaumwa, ila ameniambia asubuhi hashiki tena ukuta. Gunia halijapungua uzito na barabara haijafupika.

Wewe unayesoma hapa, ambaye una mama, dada au mke anayeshuka barabara hii na mzigo: leo jioni akifika, mpe kiti kwanza, kisha umuulize habari za visigino vyake.