Ng'ombe na Mtu Aliyefiwa



Siku moja baada ya ibada tuliulizwa swali ambalo hatukulijibu vizuri. Je, ni halali mtu aliyefiwa na watu afarijiwe na mnyama? Mama aliyeuliza aliona kwamba hilo ni kuwadharau marehemu. Tumelifikiri sana, na leo tunajaribu kujibu.

Wengi wetu ni watoto wa wafugaji. Hapa Burundi wazee husalimiana "Amashyo", maana yake uwe na makundi ya ng'ombe. Kwetu milimani, Minembwe na Itombwe, ng'ombe alipewa jina kama mtoto. Kwa hiyo swali hili si la mchezo kwetu.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi Wakongomani, wengi wao Wanyamulenge, walishambuliwa katika kambi ya Gatumba, karibu na Bujumbura, kwenye barabara ya kwenda Uvira. Watu zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Mzee mmoja alipoteza mke na watoto wawili usiku ule. Sisi tulikuwa vijana wa chuo cha Biblia. Tulimtembelea mara nyingi mjini Bujumbura alikohifadhiwa. Tulimsomea mafungu, tukamwambia Mungu ana mpango, tukamwambia asilie kama wasio na tumaini. Yeye alijibu tu, "Ndiyo, watumishi," na kutazama chini.

Baadaye jirani Mrundi, mwenye ng'ombe wachache upande wa mto Rusizi, alimwomba amsaidie kukamua. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aitwaye Gaju. Kila alfajiri mzee alilazimika kuamka, kwa maana maziwa hayangoji mtu amalize kulia. Aliweka kichwa chake ubavuni mwa Gaju na kukamua. Hakuulizwa kitu, wala hakuhubiriwa.

Kisha ndama wa Gaju akafa. Ng'ombe akalia siku nyingi, akakataa kutoa maziwa. Mwenye ng'ombe akafanya kama wafugaji wengi wanavyofanya: akaleta ngozi ya ndama na kuiweka mbele ya mama yake. Gaju akailamba, maziwa yakashuka. Mzee alisimama akitazama. Jioni ile alituambia, "Watumishi, mimi nami nina kitenge cha mke wangu. Ninakilalia kila usiku." Kwa mara ya kwanza alitaja majina ya watoto wake, akalia mbele yetu.

Sisi tulinyamaza. Tulitambua kwamba tulikuwa kama rafiki za Ayubu. Wale watu waliketi naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Walikosea walipofungua vinywa (Ayubu 2:13 na kuendelea). Gaju hakufungua kinywa.

Tena Biblia haifichi kwamba ng'ombe naye huomboleza. Katika 1 Samweli 6 Wafilisti waliwafunga ng'ombe wawili wenye kunyonyesha kwenye gari la sanduku la Bwana, ndama wao wakafungiwa nyumbani. Wale ng'ombe walikwenda njia moja kwa moja, lakini walikwenda wakilia. Je, si ndivyo tulivyovuka mpaka sisi wenyewe? Tulitembea huku tunalia.

Basi jibu letu ni hili. Faraja ya mnyama haiwadharau marehemu. Gaju hakuchukua nafasi ya mke wala ya watoto, na mzee hakumpa nafasi hiyo. Alimpa kitu kingine: mwili wenye joto wa kuegemea, na kazi ya kila asubuhi. Mtu aliyefiwa huona kwamba hakuna anayemhitaji tena. Ng'ombe alimhitaji. Hata Uholanzi siku hizi watu hulipa fedha ili wakae shambani na kukumbatia ng'ombe, wapate utulivu. Mababu zetu wangecheka, lakini wasingeshangaa.

Hatusemi tumwabudu ndama. Habari ya Kutoka 32 tunaijua. Wala hatusemi mtu ajifiche zizini asionane na ndugu zake. Mzee yule asingepona kama angebaki na Gaju peke yake. Gaju alimfungulia mlango, naye akatoka kuja kwa watu. Alipotoka, ilitakiwa atukute tukiwa tayari kusikia.

Wengi kati yetu leo hawana hata ng'ombe wa kuegemea. Tangu mwaka 2017 mifugo mingi imeporwa kule milimani, na kambini hakuna malisho. Basi, kanisa, tufanye alichofanya Gaju. Ukienda kwa aliyefiwa, keti. Usiharakishe mafungu. Akitaja jina la marehemu, usimzuie. Kisha mwombe msaada wa kweli: akusaidie kumwagilia bustani, akushikie mtoto, afundishe kwaya wimbo anaoujua. Mwonyeshe kwamba kesho asubuhi kuna mtu anamngoja.

Na yule mama aliyetuuliza, tunamwomba atusamehe kwa kuchelewa. Tulijifunza somo hili kwa mzee na kwa ng'ombe, baada ya kulikosa chuoni.

Mungu wa faraja yote awe nanyi. Amina.