Rangi Iliyogeukia Udongo

Katika bustani zenye kivuli, chini ya miembe na mikungu, hupandwa mmea utambaao wenye asili ya Mexico, Tradescantia zebrina. Juu, jani lake lina michirizi ya rangi ya fedha. Chini ni zambarau iliyokolea. Upande huo wa chini unautazama udongo, na mpita njia hauoni mpaka ainame alipindue jani. Basi uzuri ule ni wa nani? Wengi tumelelewa na jibu kwamba Mungu aliipamba dunia ili sisi tuifurahie. Naona jani hili linalikataa jibu hilo na kutupa imani pana zaidi: uumbaji ni mzuri mbele ya Muumba kabla hatujautazama, na hata tusipoutazama kamwe. Kitabu cha Ayubu, sura ya 38, kinanena vivyo hivyo kuhusu mvua inayonyesha nyikani pasipo na mtu.

Mwanasayansi atasema rangi ile ina kazi tu. Mwaka 1979 mtaalamu wa mimea David Lee na wenzake walipendekeza kwamba tabaka la zambarau huurudisha mwanga mwekundu ndani ya jani, ili mmea wa kivulini uutumie kabla haujapotea. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2008 havikuliunga mkono wazo hilo. Wengine huona rangi hiyo kuwa kinga dhidi ya jua kali linalopenya ghafla kati ya matawi na kulidhuru jani lililozoea giza. Tuseme hao wamepatia. Hoja yangu haianguki, kwa sababu kazi hiyo ni ya mmea wenyewe, si yetu. Wala kazi haiondoi uzuri: tanga la jahazi limekatwa ili lishike upepo, na bado linapendeza.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba pasipo jicho hakuna uzuri. Mwanafalsafa Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790, aliifunga hukumu ya uzuri na hisia za anayehukumu. Nakubali kwamba kufurahia kunahitaji jicho. Lakini anayelipindua jani hajioni ameuumba uzuri; anajiona ameukuta, na kilichomshangaza kilikuwapo kabla hajainama.

Imani hii ina masharti bustanini. Anayedhani rangi iliwekwa kwa ajili ya macho yake ataueneza mmea huu popote apendapo, ilhali kipande kidogo cha shina kikiangukia penye unyevu huota mizizi, na katika misitu isiyo ya asili yake zulia lake huizuia miche ya miti isichipue. Ikiwa uzuri hauhitaji macho yetu, basi miche hiyo isiyovutia nayo ina haki ya kuishi. Upande zebrina chunguni au ndani ya ukingo wa saruji, na mabaki ya kupogoa usiyatupe mtoni wala msituni.